Anayeimba kwa Jina la Taifa Anamsemea Nani?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, Masahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, kila mwaka ufikapo mwezi wa Mei, nchi za Ulaya na baadhi ya jirani zake hukusanyika katika shindano la nyimbo liitwalo Eurovision. Shindano hilo lilianza mwaka 1956 katika mji wa Lugano, Uswisi, likiwa na nchi 7 tu, na linasimamiwa na Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, ambao wanachama wake ni mashirika ya redio na televisheni. Kila nchi huchagua wimbo mmoja na mwimbaji wake, ukapelekwa mbele ya mamilioni ya watazamaji, na nchi nyingine zikaupigia kura. Vijana wetu nao hulifuatilia kwa dishi na kwa simu, na tukiwauliza faida yake hutujibu kwa neno moja: burudani.

Hukumu ya ala za muziki si mada yetu leo. Wanavyuoni wameiandikia vitabu, na mwenye kutaka ataikuta mahali pake. Mada yetu ni lile neno "burudani". Tunadai kwamba neno hilo ni pazia. Taifa linapomteua mtu asimame kwa jina lake mbele ya mataifa, limeteua msemaji, na msemaji huulizwa mambo matatu: amechaguliwa na nani, anasema kwa ulimi gani, na anapimwa kwa mizani ya nani. Tutayaangalia matatu hayo kwa mifano iliyotokea, wala si kwa dhana.

Waarabu walilijua jambo hili kabla ya Ulaya

Kabla ya Uislamu, karibu na Taif, palikuwa na soko la Ukadh. Makabila yalikutana pale kwa biashara, na kila kabila lilikuja na mshairi wake. Nabigha wa Dhubyan alikuwa akipigiwa hema la ngozi, washairi wakamwendea awahukumu. Mshairi alikuwa ngao ya kabila, mlinzi wa heshima yake na mtunza kumbukumbu za nasaba zake. Kabila lililopata mshairi lilifanya karamu na kupongezwa na majirani. Hakuna Mwarabu aliyeliita jambo hilo mchezo.

Kisha mwaka wa 9 Hijria ukaja ujumbe wa Bani Tamim Madina. Hawa ndio waliomwita Mtume (S.A.W.) kwa sauti kutoka nyuma ya vyumba vyake, ikashuka juu yao aya mwanzoni mwa Surat al-Hujurat. Waandishi wa Sira wanasimulia kuwa walikuja kushindana kwa fahari, wakamtanguliza khatibu wao Utarid bin Hajib, kisha mshairi wao Zibriqan bin Badr. Mtume (S.A.W.) hakuwafukuza. Alimwamuru Thabit bin Qays amjibu khatibu, na Hassan bin Thabit (r.a.) amjibu mshairi. Waliposikia, al-Aqra' bin Habis alikiri mbele ya wenziwe kwamba khatibu na mshairi wa upande wa pili wamewashinda wao, na ujumbe ule ukasilimu.

Tuzingatie jinsi Waislamu wale walivyomtoa msemaji wao. Aliyemchagua ni kiongozi waliyemwamini. Ulimi ulikuwa wao wenyewe. Kilichosemwa kilikuwa ni kile walichokiamini na kukifia. Na hawakukaa wakingoja Bani Tamim wawagawie alama ndipo wajijue wao ni nani. Mizani yao walikuwa nayo tangu kabla ya mgeni kubisha hodi.

Mfano wa Uturuki

Sasa tuiangalie nchi ya Waislamu iliyoingia katika shindano la Ulaya kwa hamu kuliko zote. Uturuki ilishiriki mara 34, kuanzia mwaka 1975 hadi mwaka 2012, kupitia shirika lake la utangazaji, TRT. Mara ya kwanza wimbo wake, ulioimbwa na Semiha Yankı, ulipata pointi 3, zote kutoka Monaco, ukawa wa mwisho. Mwaka 1983 Uturuki haikupata hata pointi moja. Mwaka 1987 tena, hata moja. Hata hivyo kila mwaka majaji walikaa, nyimbo zikachujwa, na swali lililoulizwa halikubadilika: tuwapelekee nini ili safari hii watupende?

Tafakarini swali hilo, ndugu zetu, kwani ndipo ulipo ugonjwa. Asiyejua mwenyeji wake anapenda nini huanza kubahatisha. Leo hupeleka wimbo wa mapenzi, kesho hupeleka mzaha kuhusu opera, keshokutwa humwazima mwenyeji nguo zake mwenyewe na kumrudia akiwa amezivaa.

Mwaka 2003 TRT ilimteua Sertab Erener moja kwa moja, bila shindano la wazi. Sharti la kila nchi kuimba kwa lugha yake lilikuwa limekwisha kuondolewa tangu mwaka 1999, na wimbo uliopelekwa Riga uliimbwa wote kwa Kiingereza. Yalikuwepo malalamiko ndani ya Uturuki, watu wakihoji vipi nchi iwakilishwe kwa lugha ya wengine. Lakini wimbo ulishinda. Ulipata pointi 167, Ubelgiji ikapata 165 na Urusi 164. Furaha ilikuwa kubwa, na mwaka 2004 shindano likafanyika Istanbul.

Hatukatai kwamba ilishinda. Tunauliza kilichoshinda ni nini. Wimbo ule ulipambwa kwa taswira ya harem ya Sultani, wanawake wakicheza na kugombea jicho la bwana wao. Taswira hiyo haikutoka Anatolia. Ni picha iliyochorwa na wachoraji wa Ulaya karne ya 19, wengi wao wakiwa hawajapata kuvuka kizingiti cha nyumba ya Mwislamu. Uturuki ina Sinan aliyejenga Msikiti wa Süleymaniye, ina waandishi wa khati waliosifika duniani kote, ina wanavyuoni, ina mashahidi. Kati ya yote hayo, kilichovuka mpaka na kupewa taji ni kile ambacho Ulaya ilikuwa ikikisema juu yake siku zote, sasa kikisemwa na Mturuki mwenyewe kwa Kiingereza. Na lipo la kuzingatiwa zaidi: wimbo wa Ubelgiji, ulioachwa kwa pointi 2 tu, uliimbwa kwa lugha ya kubuni isiyozungumzwa na mtu yeyote duniani. Kama lugha isiyokuwepo ingeweza kukaribia ushindi kiasi hicho, ni nani aliyewaambia Waturuki kwamba Kituruki ndicho kilichokuwa kikiwaangusha?

Walisema wakati ule kwamba ushindi huo utafungua mlango wa Ulaya. Mazungumzo ya Uturuki kujiunga na Umoja wa Ulaya yalianza rasmi Oktoba 2005. Mpaka tunapoandika makala haya, Uturuki si mwanachama. Walicheza naye ukumbini, barazani hawakumketisha.

Mwishoni mwa mwaka 2012 TRT ilitangaza kujitoa. Wako ndugu zetu waliolishangilia tangazo hilo kama ushindi wa dini. Tuwe wakweli, kwani ukweli ndio silaha yetu. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kura: kwamba majaji wamerudishiwa nusu ya uamuzi, na kwamba nchi 5 zinazochangia fedha nyingi, yaani Ufaransa, Ujerumani, Uhispania, Italia na Uingereza, huingia fainali bila kuchujwa. Maneno ya maadili yalikuja baadaye, mwaka 2018, yakatamkwa na mkuu wa shirika hilo. Na mwaka uleule wa 2013, walipokwisha kutoka, likaanzishwa Eskişehir shindano la nchi na jamii za Kituruki lililoitwa Türkvizyon, kwa umbo lilelile na jina la kuigiza. Wameihama nyumba, lakini wameondoka na milango yake.

Waarabu nao

Morocco ndiyo nchi pekee ya Kiarabu iliyowahi kushiriki, nayo ilishiriki mara moja tu, mwaka 1980, mwaka ambao Israel haikuwepo. Ilimchagua Samira Bensaïd, akaimba kwa Kiarabu wimbo wenye wito wa amani. Mizani ya Ulaya ikampa pointi 7, zote kutoka Italia, akawa wa 18 kati ya 19. Morocco haikurudi tena. Basi yule aliyesema kwa ulimi wake alipewa 7, na yule aliyesema kwa ulimi wa wenyeji akapewa 167. Hatusemi kwamba lugha peke yake ndiyo iliyoamua. Tunasema kwamba mwenye kutafuta heshima katika mizani hiyo atajifunza haraka ni kipi kinacholipa.

Mwaka 1978 Israel ilipokuwa inaelekea kushinda mjini Paris, televisheni ya Jordan ilikatisha matangazo na kuonyesha picha za maua, kisha ikawatangazia watu wake kwamba mshindi ni Ubelgiji. Huo nao haukuwa msimamo. Mwenye haki hahitaji kuwaficha watu wake habari, na Palestina haikukombolewa hata shubiri moja kwa picha ya maua.

Mwaka 2005 Lebanon ilijiandaa kuingia kwa mara ya kwanza. Ilikwisha kumchagua mwimbaji, Aline Lahoud, na wimbo wake, nao ulikuwa wa Kifaransa. Kanuni zilitaka kila shirika lionyeshe shindano zima bila kukata. Sheria ya Lebanon haikuruhusu kuonyesha sehemu ya Israel. Lebanon ikajitoa, ikatozwa faini na kufungiwa miaka 3. Hapa ndipo pazia la burudani linapopasuka: mtu aliyealikwa kwenye burudani hatakiwi kwanza kukiri jambo ambalo nchi yake haijalikiri. Bila shaka wenye kanuni wana haki ya kanuni zao. Lakini wasituambie tena kwamba siasa haina nafasi ndani ya nyumba yao.

Siasa ni nini, na nani huamua?

Hoja kubwa ya watetezi wa shindano hili ni kwamba siasa hairuhusiwi. Tuwasikilize, kisha tuwapime kwa maneno yao.

Mwaka 2009 Georgia ilichagua wimbo ulioonekana kumcheza shere Vladimir Putin, shindano likiwa Moscow. Wimbo ukakataliwa kuwa ni wa siasa, Georgia ikajitoa. Mwaka 2016 Ukraine ilimchagua Jamala, mwenye asili ya Watatari wa Krimea, aliyeimba kuhusu mwaka 1944, pale Stalin alipowahamisha kwa nguvu Watatari zaidi ya 180,000, Waislamu, kwa siku chache tu, wengi wakafia njiani na uhamishoni. Wimbo huo ukakubaliwa kuwa ni historia, na ukashinda mjini Stockholm. Sisi hatulalamiki kwamba ulikubaliwa. Dhulma ile ilikuwa ya kweli, na kuitaja ni haki. Tena tunaona kwamba sehemu ya wimbo huo iliyoimbwa kwa Kitatari cha Krimea, lugha ya kaumu ndogo iliyotawanywa, haikumzuia mwimbaji kushinda. Basi na iwe jibu kwa wale wanaoona haya kwa lugha za mama zao. Tunachosema ni kwamba mstari kati ya historia na siasa huchorwa na mwenye nyumba.

Februari 2022, siku moja tu baada ya Urusi kuivamia Ukraine kijeshi, Umoja wa Utangazaji wa Ulaya uliizuia Urusi kushiriki. Uamuzi ulikuwa wa haraka. Mwaka 2024, Gaza ikiwa inateketea, Israel ilichagua wimbo ulioitwa "October Rain". Wasimamizi waliukataa kuwa ni wa siasa. Rais wa Israel, Isaac Herzog, akaomba hadharani marekebisho yafanyike ili nchi yake iwepo. Maneno yakabadilishwa, wimbo ukaitwa "Hurricane", ukapandishwa jukwaani Malmö na kushika nafasi ya 5. Mkuu wa dola anapoingilia kati ili wimbo uende, ni nani mwenye akili timamu atakayetuambia kwamba huo ni wimbo tu?

Mwaka 2025 mjini Basel, Israel ilishika nafasi ya 2, ikiongoza katika kura za watazamaji. Baadhi ya mashirika yalitaka kura zichunguzwe. Novemba 2025 wasimamizi walipunguza idadi ya kura za mtazamaji mmoja kutoka 20 hadi 10 na kukaza kanuni dhidi ya kampeni zinazoungwa mkono na serikali. Yaani waliifunga tundu ambayo walikuwa wakisema haipo. Desemba 2025, wanachama walipokutana Geneva na kuacha kupiga kura juu ya ushiriki wa Israel, Uhispania, Ireland, Uholanzi na Slovenia zilitangaza kujitoa katika shindano la mwaka 2026 lililopangwa Vienna, na Iceland ikafuata siku chache baadaye.

Ndugu Waislamu, zisomeni nchi hizo tena. Hakuna hata moja iliyo ya Waislamu. Uhispania ni miongoni mwa zile 5 zenye nafasi ya moja kwa moja. Ina tamasha lake la Benidorm linalotumika kuchagua wimbo wa kupeleka, na shirika lake lilitangaza kwamba tamasha litaendelea bila safari ya Vienna. Walikuwa na cha kupoteza, wakakipoteza. Uadilifu hupongezwa popote ulipo, na Mtume (S.A.W.) aliusifu mkataba wa Hilf al-Fudhul, uliofungwa na washirikina wa Makka kumtetea aliyedhulumiwa. Wakati huohuo Azerbaijan, nchi yenye Waislamu wengi, haikuwa miongoni mwa waliojitoa. Wala tusichanganye mambo: ugomvi wetu ni na dhulma, si na Myahudi kwa Uyahudi wake. Anayeibadili hoja ya Gaza kuwa chuki ya watu kwa nasaba yao ameiuza hoja hiyo kwa bei ya bure.

Linatuhusu nini sisi?

Atasema msomaji: sisi hatupeleki mwimbaji Vienna. Kweli. Lakini ugonjwa wa kuazima mizani hauhitaji pasi ya kusafiria.

Utazameni katika miji yetu. Mashindano ya kuhifadhi na kusoma Qur'an yamekuwa mengi, na ni neema. Lakini ziko sehemu ambako mtoto wa kuwakilisha madrasa huchaguliwa kwa jina la baba yake, au kwa mfuko wa mfadhili. Ziko sehemu ambako mtoto hufundishwa kuiga sauti ya msomaji fulani maarufu, pumzi kwa pumzi, ilhali hukumu za tajwidi hazijui na maana ya anachosoma hakuwahi kuelezwa. Ziko sehemu ambako zawadi ya pikipiki hutajwa mara kumi kabla ya sura inayosomwa kutajwa mara moja. Watu wa namna hiyo hawana haki ya kuicheka TRT. Nao wameuliza swali lilelile: tuwapelekee nini ili watupende?

Kwa hiyo tunatoa wito. Maimamu na kamati za misikiti: chagueni wawakilishi kwa elimu na mwenendo, mbele ya watu, kwa vigezo vilivyotangazwa mapema, ili anayeachwa ajue kwa nini ameachwa. Walimu wa madrasa: mtoto asipande minbari kabla hajaweza kueleza kwa Kiswahili chake aya tano anazozisoma. Wazazi: kijana akikwambia "ni burudani tu", usimpigie kelele wala usimzimie televisheni kama walivyofanya Jordan, maana ataifungua kwa jirani. Kaa naye umuulize maswali yale matatu: nani amechagua, kwa ulimi gani, kwa mizani ya nani. Akijibu mwenyewe, pazia litamwanguka mikononi.

Na vijana: mnayo lugha yenye mashairi ya karne nyingi, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu pwani hii kabla wageni wa Ulaya hawajaja kuipima. Mnacho Kitabu kilichowanyamazisha washairi wa Ukadh. Mkitaka kusema na mataifa, semeni, kwani Allah (S.W.) ametuumba mataifa na makabila ili tujuane. Lakini kujuana ni kwa watu wawili, kila mmoja akija na uso wake. Anayekuja amevaa uso aliochorewa na mwenziwe hajajulikana bado, hata akipewa pointi zote.

Tunamuomba Allah (S.W.) awanusuru wanaodhulumiwa Gaza na kila mahali, azithibitishe nyoyo za vijana wetu, na atujaalie ndimi zenye kusema haki pale inapohitajika kusemwa.

Wabillahi tawfiq.